Kusaini, kujitegemea au kusimama katikati: mwimbaji wa kantri achague ipi?

Mtoto wa baba yangu mdogo anaimba kantri. Ijumaa na Jumamosi utamkuta kwenye baa moja ya nyama choma Nakuru, gitaa moja, maikrofoni moja, na watu wanaoagiza Don Williams na Jim Reeves hadi saa saba za usiku. Katikati ya hizo hupenyeza nyimbo zake mwenyewe, tano au sita hivi, na nimeona kwamba siku hizi watu hawainuki kwenda chooni anapoziimba. Mwezi wa pili alinitumia mkataba wa kurasa 11 kutoka lebo moja ya Nairobi, na chini yake ujumbe mfupi: "Kaka, nisaini au nisisaini?"

Sikumjibu siku hiyo. Hili hapa ndilo jibu nililompa baadaye, nimelirefusha kidogo kwa ajili ya wengine wenye gitaa na swali hilohilo. Mifano nimeitoa Marekani, kwa sababu huko ndiko muziki huu ulikozaliwa na wenyewe wameshajaribu njia zote tatu mchana kweupe: kusaini na lebo, kufungua lebo yako, na kukaa katikati kwa kumlipa msambazaji, yaani anayefikisha rekodi zako madukani na mitandaoni. Nitawatumia zaidi watu watatu, John Prine, Gillian Welch na Sturgill Simpson.

Kabla ya njia yoyote: wimbo si rekodi

Hapa ndipo wengi wetu huliwa. Ukitunga wimbo na kuurekodi umezaa mali mbili. Moja ni utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni masta, ile rekodi yenyewe iliyotoka studio. Kila moja ina mirabaha yake, yaani malipo ya kila inapotumika, na unaweza kuuza moja ukabaki na nyingine.

Mfano ulio karibu nasi kuliko tunavyodhani: "Love Is on a Roll", wimbo wa Don Williams uliofika namba moja kwenye chati za kantri za Marekani mwaka 1983. Waliouandika ni Roger Cook na John Prine. Prine hasikiki popote kwenye rekodi ile. Miaka 15 baadaye, 1998, George Strait akafika namba moja na "I Just Want to Dance with You", ambao pia ni wa Cook na Prine. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na lebo ndogo ya kwake, asiyepigwa sana na redio za kantri, alikuwa na mlango wa nyuma wa kuingizia pesa: utunzi. Kila ninapomsikia binamu yangu akimwimba Don Williams pale baa, huwa najiuliza kama kuna mtu mezani anayejua kwamba ndani ya orodha ya mzee yule kuna mkono wa Prine, aliyewahi kuwa mpeleka barua huko Chicago.

Sasa tazama mkataba wa binamu yangu. Ukurasa wa nne, kifungu cha 6, kilisema msanii "anahamisha haki zote za rekodi na utunzi, ulimwenguni kote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa". Sentensi moja imebeba mali zote mbili, bila kikomo cha muda. Nilimpigia simu nikamwambia achukue kalamu aizungushie neno "utunzi" duara. Akaniuliza, "Kwani hilo si ndilo la kawaida?" Ni la kawaida ndiyo. Hata kukopa bila kusoma masharti ni kawaida.

Lebo: unanunua muda

Prine, wa Maywood, kitongoji cha Chicago, alikuwa akipeleka barua, na nyimbo alizitunga akitembea na mkoba begani. Mwaka 1969 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika klabu ndogo iitwayo Fifth Peg. Mwaka 1970 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, akamwandika. Mwaka 1971 Kris Kristofferson, mwimbaji na mtunzi mashuhuri wa kantri, akamsikia, na haikuchukua muda Atlantic, lebo kubwa ya Marekani, ikamsaini. Albamu ya kwanza ikatoka mwaka huohuo. Hesabu hiyo: kutoka kijana mwenye woga kwenye jukwaa la wazi hadi santuri ya Atlantic, miaka miwili.

Hicho ndicho lebo inachouza. Watu husema inauza pesa, lakini pesa unaweza kuchanga kwenye chama. Lebo ina watu ambao simu zao hupokelewa redioni, na kazi ambayo wewe ungeifanya kwa miaka minane inaweza kuifanya kwa miwili. Kama una umri wa miaka 22 na huna mtoto, labda miaka minane unayo. Ukiwa na 38, hesabu ni nyingine.

Bei yake nayo tuihesabu, na namba hizi ni za mfano tu. Tuseme lebo imetoa shilingi 600,000 za studio, video na matangazo, na fungu lako ni asilimia 20. Rekodi ikaingiza 1,500,000. Fungu lako ni 300,000, lakini hulishiki, kwa sababu linaenda kulipa zile 600,000. Bado unadaiwa 300,000. Lebo imeingiza 1,500,000 kwa gharama ya 600,000. Ina 900,000 mkononi, na kwenye vitabu vyake wewe ni mdaiwa. Hakuna aliyekuibia. Ndivyo kianzio, yaani pesa ambazo lebo hutanguliza, kinavyofanya kazi: gharama yote inalipwa kutoka kwenye fungu lako peke yake.

Ungefanya mwenyewe, ukamlipa msambazaji asilimia 15, ungebaki na 1,275,000, toa gharama zako 600,000, unakula 675,000. Tamu sana, ila kuna mtego ambao wahubiri wa kujitegemea huuruka. Nani kasema bila lebo ungefika 1,500,000? Tuseme umefika 400,000. Baada ya msambazaji una 340,000, na umetumia 600,000. Umepoteza 260,000 za kwako, pengine ni za Sacco. Kwa mkataba wa kawaida wa lebo, hasara hiyo ingekuwa yao. Deni lingebaki kwenye vitabu bila mtu kuja kukubebea kochi. Hakikisha tu mkataba wako unasema hivyo, kwa sababu nimewahi kuona mmoja uliodai msanii arudishe gharama akivunja.

Mimi hasara ya aina hiyo naijua kwa mikono yangu. Zamani, nilipojiona mwimbaji, nilichapisha CD 300 kwa pesa zangu. Ziko 180 chini ya kitanda hadi leo, na boksi moja mchwa walilipenda kuliko mashabiki.

Lebo yako mwenyewe: Prine, sehemu ya pili, na Welch

Baada ya albamu nne na Atlantic na tatu na Asylum, Prine alikuwa na sifa nyingi kuliko mauzo. Mwaka 1981 yeye, meneja wake Al Bunetta na Dan Einstein wakaanzisha Oh Boy Records. Bidhaa ya kwanza ilikuwa santuri ndogo nyekundu ya Krismasi. Ilipofika zamu ya albamu, wapenzi wake walituma pesa kwa posta kulipia kitu ambacho hakijatengenezwa bado, na zikatosha gharama. Albamu hiyo, Aimless Love, ilitoka 1984. Hakukuwa na intaneti wala M-Pesa. Kulikuwa na bahasha, stempu na kumwamini mtu.

Yaliyofuata yanajulikana: Grammy kwa The Missing Years ya 1991, nyingine kwa Fair & Square ya 2005, na mwaka 2018, akiwa na miaka 71, The Tree of Forgiveness ikaingia nafasi ya 5 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, juu kuliko albamu yake yoyote ya enzi za Atlantic. Corona ilimchukua Aprili 2020. Oh Boy imebaki mikononi mwa familia yake.

Basi kila mtu hupenda kusema "Prine alijitegemea". Anayekwambia hivyo mwombe amalizie sentensi. Alijitegemea baada ya miaka kumi ya kutangazwa na lebo mbili kubwa. Wale waliotuma hundi walimjua kupitia santuri za Atlantic. Na bei ya miaka hiyo aliilipa: rekodi zake za kwanza, zile zenye nyimbo ambazo watu humkumbuka nazo, hazikuwa za Oh Boy. Mwaka 2000 alitoa Souvenirs, akiwa amezirekodi upya nyimbo zake za zamani, na masta hizo mpya ndizo zilizokuwa chini ya lebo yake. Ni sawa na kujenga nyumba ya pili kwa ramani ileile kwa sababu ya kwanza ina hati ya jina la mwingine.

Welch ana hadithi fupi zaidi lakini kwangu ina mafunzo mengi kuliko ya Prine. Alianza na Almo Sounds: Revival mwaka 1996, Hell Among the Yearlings mwaka 1998. Lebo ikafungwa. Lebo huwa zinakufa, na ikifa rekodi zako zinaweza kuhamia kwa mtu usiyemjua. Yeye na mwenzake David Rawlings waliunda Acony Records, wakapata haki za albamu zile mbili, na mwaka 2001 wakatoa Time (The Revelator) chini ya jina lao.

Kilichowawezesha ni aina ya muziki wenyewe. Watu wawili, magitaa mawili, sauti mbili. Hakuna wacheza ngoma kumi wala video ya yoti. Hapa ndipo mwimbaji wa kantri na nyimbo za masimulizi anapomshinda ndugu yake wa bongo fleva au gengetone: bidhaa yake ni nafuu kutengeneza. Ukiwa na chumba tulivu, maikrofoni mbili nzuri na wimbo uliokomaa, umemaliza nusu ya gharama. Ndiyo maana nasema mkopo wa lebo una maana kubwa kwa wanaotegemea video, na maana ndogo kwa wanaotegemea mashairi.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2020 kimbunga kilipiga Nashville kikang'oa paa la studio yao, Woodland. Walikimbilia humo gizani, maji yakimwagika, kuokoa kanda na magitaa. Naipenda picha hiyo kwa sababu inaonyesha pande zote mbili za kumiliki. Masta ni zako. Na paa likiruka, anayezibeba mvuani ni wewe. Mwaka 2024 walitoa albamu wakaipa jina la studio hiyo, ikashinda Grammy ya albamu bora ya folki mwaka uliofuata.

Jambo moja zaidi kuhusu Welch. Kati ya Soul Journey ya 2003 na The Harrow & The Harvest ya 2011 kuna miaka minane bila albamu kwa jina lake. Hakuna bosi aliyemfokea. Kwa mtu mwenye nidhamu huo ni uhuru; kwa wengine, mimi nikiwemo, ni njia ya kulala. Binamu yangu ana daftari la nyimbo nusu-nusu tangu 2019. Nilimwambia hilo nalo alipime kwenye mizani.

Katikati: masta ni yako, kazi ya kusambaza ni ya mwingine

Sturgill Simpson wa Kentucky aliwahi kuwa baharia wa jeshi, kisha mfanyakazi wa reli Salt Lake City. Albamu ya kwanza, High Top Mountain ya 2013, aliigharamia mwenyewe. Ya pili, ya 2014, ilirekodiwa kwa siku chache kwa pesa kidogo, ikasambazwa na Thirty Tigers, kampuni ya Nashville ambayo hufanya kazi za lebo kama usambazaji na matangazo lakini humwachia msanii rekodi zake. Albamu ikashika. Ndipo Atlantic ilipokuja, na yeye wakati huo ana watu wake tayari. A Sailor's Guide to Earth ya 2016 ikampa Grammy ya albamu bora ya kantri.

Novemba 2017, wakati tuzo za CMA, chama cha muziki wa kantri, zinatolewa ndani ya ukumbi Nashville, Simpson alikuwa nje barabarani akipiga gitaa, kasha liko wazi mbele yake na Grammy imekaa ndani pale ambapo watu hutupa sarafu. Kwa hiyo hata lebo kubwa haifungui kila mlango. Na mwaka 2020 alirudi kutoa kazi chini ya lebo yake, High Top Mountain.

Linganisha mpangilio wao. Prine: lebo kwanza, uhuru baadaye. Simpson: uhuru, lebo, kisha uhuru tena. Tyler Childers, naye wa Kentucky, alipofanikiwa na Purgatory ya 2017 aliingia lebo kubwa ya RCA akiwa na jina la lebo yake, Hickman Holler, kwenye albamu iliyofuata. Anayefika mlangoni na wasikilizaji wake hujadili. Anayefika mikono mitupu hupewa karatasi na kalamu.

Kwetu njia ya katikati ina sura ndogo zaidi. Msambazaji wa mtandaoni atakuweka kila mahali kwa ada ya mwaka au kwa asilimia. CD Baby, kwa mfano, hukata asilimia 9 ya mapato ya dijitali. Spotify, tangu 2024, hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hiyo kupakia nyimbo arobaini zisizosikilizwa hakuna faida. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya dijitali, na pesa huja kwa PayPal, ambayo Kenya unaweza kuitoa kwa M-Pesa. Huko mashabiki ishirini wa Ulaya wanaonunua albamu nzima wanaweza kukulipa kuliko maelfu wanaokusikiliza bure. Na tusiisahau milio ya simu, zile nyimbo anazosikia anayekupigia kabla hujapokea: marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2022 yaliweka fungu la msanii lisipungue asilimia 52. Kama mkataba wako unataja milio na fungu lako liko chini ya hapo, uliza kwa nini. Kusajili kazi ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na usajili ufanyike kabla ya kumtumia mtu yeyote "demo" kwa WhatsApp.

Kazi ya mchana, ambayo hakuna anayeiuliza

Prine na barua zake, Simpson na reli. Hata Jimmie Rodgers, baba wa kantri, alitoka relini. Santuri za huyo zilifika Bonde la Ufa mapema hivi kwamba Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipopita Kapkatet mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba kwa jina la Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers kwa matamshi yao. Nusu mtu, nusu swala, walivyomwelezea. Huwa nawakumbusha hilo wanaosema kantri kwetu ni kuiga tu kwa juzi.

Ninachotaka kusema ni kwamba mshahara wa mchana ni aina ya lebo. Unalipia studio na haudai masta. Binamu yangu anauza vifaa vya umeme dukani kwa mtu, na aliona aibu kuliandika hilo kwenye ukurasa wake. Sioni aibu iko wapi.

Mimi ningechagua hivi

Kama huna wasikilizaji, una haraka, na lebo inataka masta tu kwa muda uliotajwa, saini. Sitakulaumu. Kama inataka na utunzi, simama hapohapo hata wakikupa gari. Kama una wasikilizaji mia mbili wanaolipa kiingilio kukuona wewe, siyo kuona nyama, anza katikati: msambazaji, nyimbo sita zilizopikwa zikaiva, na kazi ya mchana. Lebo yako mwenyewe yenye jina na nembo inaweza kungoja hadi kuwe na kitu cha kuweka ndani, na hadi upate mtu wa pili wa kujibu simu na kuandika hesabu. Prine alikuwa na Bunetta, Welch ana Rawlings. Sijaona aliyefanya peke yake kabisa akadumu.

Jumatatu iliyofuata tulikaa na wakili, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, tukairudisha ile karatasi ikiwa na michoro mitatu: "utunzi" limekatwa, "bila kikomo" imekuwa miaka saba, na asilimia ya milio imepandishwa. Lebo ilijibu kwa neno moja, "Tutawasiliana." Hii ni wiki ya tatu sasa.

Yeye amenunua daftari la mistari, amelifunga kwa uzi kwenye kaunta ya baa pamoja na kalamu, na kabla ya wimbo wa mwisho huwaomba watu waandike jina na namba ya simu. Ijumaa iliyopita walifika 93. Ukurasa wa kwanza umemwagikiwa bia, lakini namba zinasomeka.